Madaraja Yenye Paa



Wengi wa wenzetu waliorudi kutoka Marekani wamekwisha kutupa habari za majumba marefu, magari mengi na vyuo vikubwa. Habari hizo ni za kweli, lakini sitazirudia. Mimi nilikaa huko mwaka mmoja na zaidi katika mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, upande wa kaskazini-mashariki ya nchi ile, mahali penye milima, misitu na mito mingi, na watu wachache. Huko nilikuta kitu ambacho sijapata kukiona kwetu Uganda, nacho ni daraja la mbao lililojengewa kuta na paa kama nyumba. Kwa kuwa kazi niliyojifunza ni ya ujenzi, nilitaka kujua kwa nini watu wale walijipa taabu ya kuezeka daraja, na kwa nini wajukuu zao wanaendelea kuyatunza madaraja hayo katika siku hizi za chuma na saruji. Basi nikaazimia kuyazuru machache katika kila majira ya mwaka, maana niliambiwa kwamba mtu aliyeliona daraja la namna hii mara moja tu hajaliona.

Kwanza nieleze lilivyo. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni ghala refu la mahindi lililowekwa juu ya mto. Lina mapaa mawili yanayokutana juu, ya vigae vya mbao au siku hizi ya mabati, na ubavuni limezibwa kwa mbao zilizosimamishwa. Barabara huingia kwa mlango mmoja ikatokea mlango wa pili. Ndani mna giza kidogo, na mwanga huingia kwa michirizi kati ya mbao. Gari likipita, mbao za chini hunguruma kama ngoma. Harufu yake ni ya mti mkavu na vumbi la zamani.

Nililolizuru mara nyingi kuliko yote ni lile linalounganisha mji wa Cornish, katika New Hampshire, na mji wa Windsor, katika jimbo la Vermont. Linavuka mto mkubwa uitwao Connecticut. Urefu wake ni futi 449, yaani linauzidi uwanja wa mpira, na katikati ya mto lina nguzo moja tu ya mawe. Lilijengwa mwaka 1866 na mafundi wawili, James Tasker na Bela Fletcher, kwa gharama ya dola 9,000. Kabla yake yalikuwapo madaraja matatu mahali pale pale, la kwanza likiwa la mwaka 1796, na mto uliyachukua yote. Hili la nne limesimama mpaka leo, na magari hupita. Juu ya mlango wake kuna kibao chenye maneno ya zamani kinachomwamuru mpita njia awatembeze farasi wake polepole, la sivyo atatozwa dola 2. Amri hiyo haikuwa ya mzaha, kwa kuwa farasi wakikimbia kwa hatua moja hulitikisa daraja kwa kipimo kimoja, na mtikiso wa namna hiyo hulegeza viungo. Watu walilipa ushuru kuvuka hapo mpaka mwaka 1943.

Sasa, kwa nini paa? Nilipowauliza watu nilipata majibu ya kila namna. Wengine walisema ni kwa ajili ya farasi, wasiyaone maji wakaogopa. Wengine walisema ni ili msafiri apate mahali pa kujikinga na mvua. Wengine, wakicheka, walisema ni ili vijana na wachumba wao wapate kivuli cha kuonana mbali na macho ya wazazi. Mambo hayo yote yalitokea, lakini siyo sababu. Sababu ni moja, nayo ni kuuzuia mti usioze.

Mti hauozi kwa uzee. Huoza kwa sababu ya kuvu, na kuvu ni kiumbe chenye uhai kinachotaka maji. Mti ukiwa mkavu, yaani maji yaliyomo ndani yake yakiwa chini ya sehemu 20 katika kila 100 za uzito wa mti wenyewe, kuvu haiwezi kuula. Lakini mvua ikinyesha juu ya boriti mbili zilizoungana, maji huingia katika kiungo na kukaa humo siku nyingi, hata baada ya uso wa mbao kukauka. Kiungo ndicho kinachobeba nguvu, nacho ndicho kinachooza kwanza. Kwa hiyo daraja la mbao lililo wazi katika nchi ile lilidumu miaka 10 au 20 tu. Likiezekwa, hudumu miaka 100 na kuzidi. Paa linaweza kuoza, na mbao za ubavuni zinaweza kuoza, nazo hubadilishwa kwa fedha kidogo, na mifupa ya daraja hubaki salama. Nasi tunalijua jambo hilo katika nyumba zetu za udongo. Ukuta wa udongo wenye paa zuri lenye mapana huishi kuliko aliyeujenga, na ukuta ule ule bila paa huanguka katika masika moja.

Daraja kubwa la kwanza la namna hii katika Marekani lilijengwa Philadelphia na fundi Timothy Palmer, likafunguliwa mwaka 1805. Palmer alikuwa amekwisha kujenga madaraja mengine yaliyo wazi. Mkuu wa kampuni ya daraja lile, hakimu aitwaye Richard Peters, ndiye aliyeshikilia kwamba lifunikwe, kwa kuwa gharama zilikuwa kubwa na hakutaka kuziona zikioza. Tangu hapo desturi ikaenea. Lililo la kale kuliko yote yanayosimama mpaka leo katika nchi ile ni la Hyde Hall, jimbo la New York, la mwaka 1825. Jimbo la Vermont, ingawa ni dogo, lina zaidi ya 100, na Pennsylvania ndiyo yenye mengi kuliko majimbo yote.

Jambo la pili lililonishangaza ni jinsi mbao zinavyoweza kuvuka mto mpana. Boriti peke yake haiwezi kazi hiyo. Waliosoma habari za pwani wanajua kwamba vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Ukizidisha urefu, boriti hulegea katikati. Dawa yake ni kenchi, ile ile tunayoitumia katika mapaa yetu. Jaribuni wenyewe darasani. Chukueni vijiti vinne, mvipigilie msumari mmoja katika kila pembe mpate mraba. Usukumeni kwa upande, nao utalala. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa vijiti vitatu. Pembe tatu hazilali, hata ukisukuma, mpaka kijiti kivunjike. Ukipanga pembe tatu nyingi mfululizo, umepata ukuta mrefu wa kenchi usiopinda, na ukiweka kuta mbili za namna hiyo, moja kila upande wa njia, umepata daraja. Kwa hiyo ukuta wa daraja lenye paa siyo ukuta tu. Nyuma ya zile mbao nyembamba za nje ndimo zilimo nguvu zote.

Mafundi walishindana kubuni kenchi. Theodore Burr aliongeza upinde mkubwa wa mbao juu ya kenchi yake, na upinde huo uko katika madaraja mengi ya Pennsylvania na Indiana. William Howe, mwaka 1840, alizibadilisha nguzo za wima kwa vyuma virefu vyenye parafujo, na hapo ndipo chuma kilipoanza kuingia. Lakini aliyenipendeza zaidi ni Ithiel Town wa Connecticut, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1820. Yeye alichukua mbao za kawaida, akazipitisha mshazari upande huu na upande ule, zikapishana kama miyaa ya mkeka, na kila zilipopishana akatoboa kwa keekee na kupigilia vigingi vya mti mgumu wa mwaloni. Hapakuhitajika magogo makubwa wala mhunzi wala fundi bingwa. Seremala ye yote wa kijijini aliweza. Husimuliwa kwamba Town alitoza dola 1 kwa kila futi ya daraja lililojengwa kwa mtindo wake, na akimkuta mtu ameiba mtindo bila ruhusa alimtoza dola 2. Daraja la Cornish na Windsor ni la mtindo huo, isipokuwa badala ya mbao bapa mafundi walitumia boriti za mraba zilizochongwa zikaumana.

Sasa niwaeleze majira. Kwetu karibu na mstari wa Ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima, na tunazigawa siku zetu kwa mvua na jua. Kule sivyo. Mwezi wa Desemba mchana ni wa saa 9 tu, na mwezi wa Juni unazidi saa 15. Daraja ni lile lile, lakini kila miezi mitatu ni kama limehamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine.

Nilianza katika majira ya baridi, mwezi wa Januari. Theluji ilikuwa imefika magotini, na mto umefunikwa na barafu tangu ukingo hata ukingo. Kimya chake ni kikubwa mno, maana hakuna maji yanayosikika wala ndege. Paa la daraja lilikuwa jeupe, na kuta zake zilionekana nyeusi kwa ajili ya weupe ule. Nilidhani kwamba angalau katika majira haya paa lilimsaidia msafiri kwa kuizuia theluji. Kumbe mambo yalikuwa kinyume. Zamani watu walisafiri wakati wa baridi kwa magari yasiyo na magurudumu, yenye vyuma virefu chini, yaliyovutwa na farasi na kuteleza juu ya theluji. Ndani ya daraja hamkuwa na theluji, kwa hiyo vyuma vilikwaruza mbao na farasi walishindwa kuvuta. Ikawa lazima miji iwalipe watu wachukue theluji kwa koleo kutoka nje na kuitandaza ndani ya daraja! Kazi hiyo iliandikwa katika hesabu za mji kama kazi nyingine yo yote. Hayo yanathibitisha kwamba paa halikuwekwa kwa ajili ya theluji ya njiani.

Majira ya kuchipua huja mwezi wa Machi na Aprili, nayo ndiyo ya hatari. Barafu ya mto hupasuka kwa mshindo, ikateremka katika mabamba makubwa kama sakafu za vyumba. Mabamba hayo husongamana penye kona au penye nguzo za daraja, maji yakainuka nyuma yake, kisha yote husukuma kwa pamoja. Nilisimama ukingoni upande wa Windsor nikayatazama yakigonga nguzo ya katikati, na nikaelewa kwa nini mafundi waliliinua daraja juu sana ya maji, na kwa nini nguzo imechongwa kwa ncha upande ule mto unakotoka. Wakati huo huo njia za udongo hugeuka tope zito, kwa kuwa theluji huyeyuka juu na chini bado ardhi imeganda, maji yasipate pa kwenda. Watu huliita jira la tope, na msafiri wa kwetu atajiona yuko nyumbani mwezi wa Aprili. Katika misitu wakulima huitoboa miti iitwayo mepo, hukinga maji yake katika ndoo au mipira, na kuyachemsha mpaka yawe kama asali. Galoni 40 za maji ya mti hutoa galoni 1 tu.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, miji ya Vermont hufanya mkutano wake wa mwaka. Raia huketi pamoja katika ukumbi, huulizana juu ya fedha za mji, na huinua mikono kukubali au kukataa. Humo ndimo fedha za barabara hukatwa, na paa la daraja hushindania fedha hizo pamoja na gari la zimamoto na karo za shule. Nawaambia hayo ili mjue kwamba madaraja haya hayakudumu kwa bahati. Kila kizazi kilisimama kikaulizwa, Je, tulipe au tuliache lianguke?

Kiangazi, mwezi wa Julai, ni majira ya raha. Maji huwa machache, na watoto huogelea chini ya daraja. Ukiingia ndani mchana wa jua kali unapata baridi kidogo kama ya chini ya mwembe. Mbayuwayu hujenga katika makombamoyo. Hayo ndiyo majira ya mafundi pia. Nilipata nafasi ya kuwatazama wakifanya kazi katika daraja moja dogo la Vermont. Walikuwa wameondoa mbao za ubavuni, na mmoja wao alikuwa akipima boriti ya chini kwa kuichoma kwa bisibisi, tangu mwisho hata mwisho. Mahali pazima chuma hakikuingia. Penye mwisho wa boriti, inapokaa juu ya mawe, kiliingia mpaka mpini. Alinieleza kwamba huko ndiko ugonjwa huanzia siku zote, kwa sababu majani na udongo wa barabarani hulundikana juu ya mawe na kuushika unyevu. Mtu mwenye fagio, akipita mara mbili kwa mwaka, angeiokoa boriti ile. Sasa ilihitaji kukatwa sehemu iliyooza na kuungwa mti mpya, kazi ya majuma mengi.

Majira ya mwisho ni ya kupukutika majani, nayo ndiyo yanayowavuta watalii. Mwanzoni na katikati ya Oktoba milima yote hugeuka rangi. Siyo uchawi. Mchana unapopungua, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani iitwayo klorofili, nayo ikitoweka, rangi ya manjano iliyokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo huonekana. Na rangi nyekundu ya mepo hutengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani. Usiku wa baridi na mchana wa jua huizidisha. Fikirini basi daraja la mbao zilizopauka, nyuma yake mlima wa manjano na nyekundu, na chini yake picha ya hayo yote majini. Siku hizo magari hupanga mstari, na kila mtu ana kamera. Katika wilaya ya Parke, jimbo la Indiana, penye madaraja 31, hufanya sikukuu ya madaraja kila Oktoba tangu mwaka 1957. Kwa hiyo daraja lililokuwa mzigo kwa mji limekuwa pia mleta riziki kwa wenye hoteli na maduka.

Lakini nisiwafanye mdhani kwamba habari ni za uzuri tu. Adui wa madaraja haya ni watatu, nao ni moto, lori na mafuriko. Moto uliliunguza daraja la Bridgeton, Indiana, mwaka 2005, nao uliwashwa na mtu kwa makusudi. Wenyeji walilijenga upya mwaka uliofuata. Hata Ulaya, daraja la Kapellbrücke la mji wa Luzern, Uswisi, lililojengwa katika karne ya 14, liliungua mwezi wa Agosti 1993, likafunguliwa tena mwaka 1994, lakini picha nyingi za kale zilizokuwa ndani ya paa lake zilipotea kabisa. Malori nayo ni taabu ya siku hizi. Dereva hufuata maelekezo ya simu yake, hakitazami kibao kinachotaja urefu na uzito, akaingia na kung'oa boriti za juu.

Adui mkubwa ni mafuriko. Mwezi wa Novemba 1927 mvua ya siku mbili ilileta mafuriko katika Vermont, yakaua watu 84 na kuharibu madaraja zaidi ya 1,200 ya kila aina. Tena tarehe 28 Agosti 2011 mabaki ya tufani iliyoitwa Irene yalipita juu ya milima ile. Siku hiyo moja yalipotea madaraja mawili mashuhuri. La kwanza ni la Bartonsville, katika mji wa Rockingham, Vermont, la mwaka 1870, la mtindo wa Town. Maji yaliyala mawe ya ukingo yaliyoubeba mwisho mmoja, na daraja zima likainama, likashuka mtoni na kuondoka na mto. Mwenyeji mmoja alilipiga picha za sinema likianguka, na katika picha hizo husikika watu wakilia kama waliofiwa. La pili ni la Blenheim, jimbo la New York, la mwaka 1855, lililovuka futi 210 bila nguzo ya katikati. Mjenzi wake, Nicholas Powers, husimuliwa kwamba siku ya kuondoa miti iliyolishikilia alipanda juu ya paa akaketi, akisema likianguka ataanguka nalo. Halikuanguka siku hiyo. Lilisimama miaka 156.

Hapa ndipo penye swali ambalo ningependa mlifikiri. Baada ya mafuriko, watu wa Rockingham wangeweza kuweka daraja la saruji. Lingekamilika upesi, lingebeba malori, wala lisingeogopa kuvu. Lakini walijenga tena la mbao, la mtindo ule ule wa Town, refu kidogo kuliko la kwanza ili mto upate nafasi, likafunguliwa mwezi wa Januari 2013. La Blenheim nalo lilijengwa upya, likamalizika mwaka 2018. Je, hiyo ni busara au ni upumbavu wa watu wenye fedha?

Mimi nilipofika mara ya kwanza nilikuwa upande wa saruji. Nilitoka mahali ambapo daraja si pambo. Kijijini kwetu tulikuwa na daraja la magogo mawili na mbao, na kila baada ya miaka michache lilioza mwisho wake, likaanguka wakati wa mvua. Nikiwa darasa la sita lilianguka mwezi wa Aprili, na sisi wa ng'ambo ya mto hatukwenda shule majuma matatu. Wenzangu wawili hawakurudi tena masomoni, kwa kuwa wazazi walikwisha kuwapa kazi ya shamba. Kila mara magogo mapya yalitafutwa, na kila mara hapakuwa na mtu aliyeambiwa, Wewe ndiwe mwenye daraja hili. Mtu aliyekulia penye daraja la namna hiyo akimwona mwingine akitumia mamilioni kulijenga upya daraja la farasi, ni lazima ashangae.

Lakini baada ya kuzunguka majira manne niliona kwamba swali la saruji au mbao siyo swali lenyewe. Saruji pia hufa. Maji huingia katika nyufa, vyuma vya ndani hupata kutu, na daraja la saruji lisilotunzwa huanguka kama la magogo. Daraja la Cornish lenyewe lilifungwa mwaka 1987 kwa kuwa lilikuwa limelegea na kuinama, likatengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 4, likafunguliwa tena mwaka 1989. Fedha hizo zilikuwa nyingi kupita kiasi, na nadhani sehemu yake ni adhabu ya kazi ndogo ndogo zilizoachwa zamani. Wahenga wetu walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mti wa daraja la Cornish hauna siri. Una paa, una mtu wa kulitazama paa, na una jimbo linalomlipa mtu huyo.

Tena, watu wa Rockingham hawakulijenga la zamani kwa upofu. Waliulizana kwanza kwa nini lilianguka. Mbao zake zilikuwa nzima, na kilichoshindwa ni mawe ya ukingo. Kwa hiyo walirekebisha kilichoshindwa, wakabakiza kilichofaulu. Hiyo ndiyo elimu ya ujenzi, na naiona inafaa kwa mambo mengine pia.

Ninyi wanafunzi mnaopenda hesabu na sayansi, msidhani kwamba kazi ya ujenzi ni kujenga vipya tu. Nchi yetu ina mito mingi na misimu miwili ya mvua, na kazi kubwa itakuwa kuvitunza vilivyokwisha kujengwa. Na ninyi wakubwa zetu mlio katika mabaraza ya wilaya na idara za barabara, msisubiri daraja lianguke ndipo mtafute fedha. Fagio, koleo la kuondoa udongo, mabati machache na mtu mmoja mwenye bisibisi havipiti uwezo wa wilaya yo yote.

Likizo ijayo, kila atakayevuka daraja la mbao na ashuke chini yake, iwapo maji yanaruhusu. Atazame mahali ncha za boriti zinapokaa juu ya mawe au udongo. Achome kwa msumari. Ukiingia kwa urahisi, asinyamaze. Amwambie mwenyekiti wa kijiji siku ile ile, kabla mvua hazijaanza.